Mtambo Uliomwandikia Mama Mkwe

Kwa Shemeji yangu, Mtaalamu wa Mifumo ya Taarifa, popote barua hii itakapokukuta,

YAH: OMBI LA KUUNG'OA MTAMBO WAKO NA KUREJESHEWA DADA YAKO

Natumaini u mzima. Mimi si mzima sana, ila napumua. Nakuandikia kwa karatasi na kalamu kwa makusudi, maana kalamu hii tangu niinunue haijawahi kumwandikia mtu bila idhini yangu.

Utakumbuka kwamba ulipotuwekea mfumo ule dukani kwetu kwa kazi ya udobi, ulinisomesha somo refu. Ulisema mfumo si kompyuta peke yake, ni watu, kazi zao na taarifa zao. Ulisema taarifa zinaingizwa, zinachakatwa, zinahifadhiwa, kisha zinatoka zikiwa na faida kwa biashara. Nikakujibu kwamba hayo nayajua, ndiyo udobi wenyewe: nguo inaingia, inafuliwa, inawekwa rafuni, inatoka. Ukacheka, ukasema naam shemeji, na maji machafu hayatoi shati jeupe. Nilidhani unazungumzia maji.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Mtambo wako ni mdadisi. Kabla haujapokea hata soksi, unataka jina la mteja. Shemeji, dobi hajui majina, anajua nguo. Miaka yote nimewatambua wateja wangu kwa kola, kwa madoa na kwa kauli zao, wala halijapotea shati hata moja, isipokuwa yale yaliyopotea. Dada yako alinishauri niwaulize watu majina yao, kwani wanayo. Nikamwambia mambo ya kompyuta aniachie mimi niliyefundishwa na fundi mwenyewe. Basi kwenye nafasi ya jina nikajaza kama ninavyowajua: KOLA NYEUSI, KITAMBI MBELE, BIBI HARAKA, na wengine wa namna hiyo. Niliandika kwa herufi kubwa, kwa heshima.

2. Mtambo wako hauna kifua cha kuweka siri. Hukunionya, au ulinionya nikiwa natafuta miwani, kwamba nguo zikiwa tayari unamwandikia mteja wenyewe, bila hata kushauriana na mwenye duka. Mwalimu mkuu wa shule ya mtaa wa pili alikuwa kwenye kikao na wazazi, simu ikiwa mezani, aliyekaa karibu akasoma naye: "Mpendwa KOLA NYEUSI, mashati yako yako tayari. Tunathamini heshima yako." Mwenye nyumba anayetupangishia duka alipata ya KITAMBI MBELE, na tangu hapo kila tukikutana ananiuliza kama nina mpango wa kuhama. Watu hawa nilikuwa nikiwaita hivyo hivyo kimoyomoyo na tukaishi vizuri sana.

3. Mtambo wako hauna msimamo. Ulisema neno la siri lisijulikane na mtu. Sasa siri gani hiyo ambayo hata mwenyewe naisahau? Nikaliandika kwenye karatasi, nikaibandika ukutani, juu kidogo ili watoto wasiifikie. Nilipotoka uani kuanua nguo, mwalimu mkuu, ambaye si mtoto, akapita nyuma ya kaunta akajirekebisha. Sasa anaitwa MHESHIMIWA SANA. Hilo ningelimeza. Lakini alipitia pia kwenye nafasi ya jina la meneja, na tangu siku hiyo kila ujumbe unaotoka dukani kwangu unamalizikia kwa maneno: "Wako mtiifu, MCHOMA MASHATI." Mtambo ulikubali palepale, haukudai ushahidi.

4. Kumbe ushahidi unao. Ulisema kila mwisho wa mwezi mfumo utatoa ripoti ya kumsaidia meneja kufanya maamuzi. Nikavuta kiti, nikavaa miwani, nikajiandaa kuamua. Ripoti ikasema nguo zinazoungua huungua asubuhi. Asubuhi ndipo mimi nilipokuwa nikishika pasi na dada yako akinisaidiasaidia pale kaunta. Nikafikiri kwa kina, kama meneja, nikaona kosa ni la asubuhi, pengine umeme wake una nguvu zaidi. Nikahamishia zamu yangu mchana. Ripoti iliyofuata ikasema nguo zinaungua mchana. Shemeji, kitu hiki kinanifuata! Sasa hivi napiga pasi nikiwa nimekigeuzia kisogo, na nakiri kwamba kupiga pasi huku unachungulia nyuma hakujapunguza tatizo.

5. Sasa nimefika penyewe. Mama yako, ambaye ni mama mkwe wangu na ninamheshimu kupita kiasi, hutuletea shuka zake. Kila tukimrudishia, huinua moja kwenye mwanga, huigeuza, kisha husema: haijatakata. Hata iwe nyeupe namna gani. Basi siku ya kumwandikisha, kidole changu kikaenda chenyewe. Ujumbe alioupata ni huu: "Mpendwa MAMA HAIJATAKATA, shuka zako ziko tayari. Karibu tena. Wako mtiifu, MCHOMA MASHATI." Alikuwa amekaa na akina mama wenzake wa kikundi. Kwa kuwa haoni vizuri maandishi ya simu, alimpa mwenzake amsomee, na huyo mwenzake nasikia ana sauti nzuri sana.

Dada yako alikwenda kumtuliza. Hajarudi. Ameniachia neno moja tu, kwamba atarudi siku nitakapojua watu wana majina. Tangu aondoke nyumba imekuwa kubwa, shemeji. Napika chakula cha watu wawili, halafu nailaumu sufuria. Kitandani nalala upande wangu uleule, sijui nimemwachia nani nafasi. Nimemkumbuka, nasema wazi, na aibu ya kulisema hilo kwa mdogo wake nimeimeza pia.

6. Nilijaribu kusuluhisha mambo kwa mtambo uleule, maana dawa ya moto ni moto. Nilimwandikia mama ujumbe mrefu wa kumwomba radhi, wenye unyenyekevu mwingi, nikamwita kwa jina lake kamili. Mtambo, kwa kiherehere chake, ukaongeza chini yake: "Tafadhali tupe maoni yako kuhusu huduma hii." Mama akatoa maoni. Alijibu: "Haijatakata. Rudia."

Ukiyatazama haya yote kwa haki, shemeji, utaona mambo yalivyo. Mtambo ndio unaomwandikia mama mkwe, mtambo ndio unaompelekea habari za shuka zake, mtambo ndio unaopokea ukosoaji wake. Kwa hesabu yoyote ile, mtambo ndio mkwe. Naomba basi mtambo ubebe majukumu ya mkwe. Upakiwe kwenye mkokoteni pamoja na nyaya zake zote, upelekwe mpaka mlangoni kwa mama, ukaombe radhi wenyewe mbele ya kikundi kizima. Ukikataa kusema, wewe uung'oe, sisi turudi kwenye kumbukumbu ya kichwa changu, ambayo ina kasoro zake lakini haijawahi kumtumia mtu ujumbe. Vyovyote utakavyoamua, wewe uliyeniletea mtambo niletee na dada yako, kwani vilipishana mlangoni, kimoja kikiingia na mwingine akitoka.

Nisalimie watoto na mama yao. Nisalimie majirani wote. Nisalimie mama kwa heshima zote, na ukiona amekunja uso usimwambie salamu zimetoka kwa nani.

Ni mimi, katika masikitiko ya kikazi na ya kinyumbani,

Shemeji yako, Dobi.

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha nimepiga moyo konde nimwandikie dada yako mwenyewe, kwa mtambo, maana simu zangu hapokei lakini ujumbe wa dukani hakuna asiyeusoma. Nimemtafuta. Kwa jina lake hayupo. Kwa majina yote ya utani niliyowahi kumwita hayupo. Kwenye orodha ya wateja wamo hata watu walioleta leso moja wakahama mji, yeye hayumo. Kwenye orodha ya wafanyakazi nimo mimi peke yangu. Niliijaza siku ile uliponiuliza dukani tuko wangapi, na yeye alikuwa amesimama nyuma yangu ameshika kikapu cha nguo. Mtambo umeniuliza kama nataka kumwongeza. Nimeandika jina lake lote, mpaka la babu yake. Halafu umeniuliza kazi yake. Kisanduku chenyewe kinapokea maneno machache tu, na mimi nimeandika anapokea nguo, anazihesabu, anashona vifungo vilivyong'oka, anawabembeleza wale niliowachomea, na bado sijaimaliza asubuhi yake. Usije kuung'oa mtambo, shemeji. Njoo unifundishe kukipanua kile kisanduku.