Mwani Kwenye Tangi la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Tangi la samaki limefika. Nimeliweka chumba cha wageni, dirishani kabisa, ili wapita njia nao walione. Mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu, alilitaka kufa na kupona. Nimemuwahi. Watu humwita Injinia kwa sababu anafunga viyoyozi. Mimi nauza mapazia na hakuna anayeniita chochote.

Tangi ni la marehemu mama mkwe. Mimea iliyomo majini aliipanda kwa mkono wake, na samaki ni wale wale aliowaacha. Baba mkwe ametolewa mtoto wa jicho, jicho la pili juzi tu, na anauguzwa kwa Injinia. Daktari akimruhusu atakuja kwetu moja kwa moja. Amesema kitu cha kwanza anachotaka kukiona sawasawa ni hili tangi. Nilimwahidi mbele ya ukoo mzima kwamba atalikuta kama marehemu alivyoliacha. Injinia aliguna. Nilimsikia.

Kuna tatizo dogo. Majani yameanza kuota nywele za kijani. Kioo nacho kina utando, ukipitisha kidole unateleza. Mke wangu anasema huo ni mwani, ni kawaida, mama yake alikuwa akiupunguza kidogo kidogo. Mke wangu ni mkunga. Nusu ya kazi yake ni kusubiri. Mimi sikuumbwa hivyo.

Jumatano, 5 Machi

Nimelitafakari tatizo, nimelielewa. Mimea imedhoofika, ndiyo maana mwani unaionea. Mimea hutaka mwanga. Nimenunua taa kubwa, ya aina ile ya kumulikia mabango, nimeifunga juu ya tangi. Inawaka kutwa, pamoja na jua la dirishani. Samaki nao nimewaongezea chakula, wapate nguvu za kuula huo mwani. Hawakukimaliza. Kilichobaki kimezama chini. Kitawafaa baadaye.

Mke wangu alisimama mlangoni na sare yake ya kazini, akaniuliza samaki aliyeshiba ataula mwani kwa njaa gani. Nikamwambia ashughulike na wajawazito wake. Akasema wajawazito wana nafuu, wao humsikiliza.

Ijumaa, 7 Machi

Maji yamekuwa ya kijani. Si kioo, si majani. Maji yenyewe. Utadhani ndoo waliyosuuzia brashi za rangi. Samaki siwaoni. Mara moja moja mmoja hugusa pua kwenye kioo, kama mtu aliyepotea ukunguni, kisha anarudi nyuma.

Injinia kapiga simu. Sauti tamu. Eti mwanyumba, tangi halijambo? Nikamjibu linang'aa hadi navaa miwani ya jua. Akasema basi vizuri, maana Mzee analiulizia kila siku.

Nikaenda kwa muuza samaki wa mapambo. Jamaa anatafuna kijiti, hana haraka na dunia. Akasema mwanga umezidi, chakula kimezidi, nilitoe tangi dirishani, nibadilishe maji kiasi, kisha nitulie. Nikamuuliza ninunue nini. Akasema hakuna cha kununua. Nikamuuliza tena. Mtu ana duka zima na hataki kuuza. Nikamtilia shaka. Nimeondoka na konokono, kwa kumlazimisha.

Jumamosi, 8 Machi

Konokono wameitisha kikao kwenye kona ya juu ya kioo, nje ya maji. Hawali kitu. Mmoja nimemkuta kwenye pazia, anapanda.

Lakini nimepata wazo. Mwani unaishi kwa mwanga, basi nitaunyima. Dukani tuna kitambaa cheusi kizito, hakipitishi hata nukta ya jua. Nimelifunika tangi lote. Mke wangu, kwa mara ya kwanza wiki hii, akakubaliana na mimi. Akasema mama yake aliwahi kufanya hivyo, akalifunika siku kadhaa bila kugusa. Akarudia: bila kugusa.

Nilifunua baada ya chai kuangalia maendeleo. Hakuna. Nikafunua tena nikiwa napita. Nikafunua kwa sababu nilisahau nilichokiona. Mara ya mwisho mke wangu alinikuta kichwa kimo ndani ya kitambaa na tochi mdomoni. Akaniuliza, "Sasa hilo giza lifanye kazi saa ngapi?"

Sikuweza kumjibu. Tochi.

Jumapili, 9 Machi

Tumekwenda kumjulia hali baba mkwe. Amekaa kwenye veranda ya Injinia, jicho moja limefunikwa, jingine linatoa machozi kwa mwanga. Alinishika mkono na hakuuachia. Akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Miaka ile macho yalipoanza kufifia, kila jioni aliketi na marehemu karibu na tangi, akamuuliza leo kuna nini humo. Marehemu anamweleza. Samaki yupi kamfukuza yupi. Jani gani jipya limechomoza.

"Mwanangu," akasema, "lile tangi mimi nimelisikia tu. Sasa nataka nilione."

Nikamwambia, "Utaliona, baba."

Injinia alikuwa nyuma yake, ananitazama. Baadaye akanivuta pembeni, akasema kama kazi imenielemea alichukue leo leo, gari ipo. Nikamwambia ahsante, aje siku moja ajifunze. Kurudi nyumbani sikukalika. Nimekaa kitini, nimesimama. Nimekiondoa kitambaa, nimekirudisha, nimekiondoa. Nimesugua kioo kwa wembe, nikakichora mstari mrefu kama ufa. Nimekaa tena.

Jumanne, 11 Machi

Nilipata ufumbuzi wa kudumu. Majani ya plastiki. Mzee hajawahi kuliona tangi sawasawa, atajuaje? Nilinunua mafungu kadhaa, mazuri, mengine yana maua ya zambarau. Mke wangu alikuwa zamu. Nikaanza kung'oa.

Mimea ilitoka na mizizi mirefu, myeupe. Sikutegemea mizizi mirefu vile. Nusu ilikuwa tayari kwenye ndoo mke wangu alipoingia. Mjamzito wake alikuwa amejifungua mapema.

Hakupiga kelele. Ningependa apige. Alichuchumaa, akatoa mmea mmoja kwenye ndoo, akaushika kwa mikono miwili kama anavyoshika kichanga kilichotoka sasa hivi. Akasema, "Huu ndio mama aliupanda mwisho. Mimi nilimshikia kiuno asianguke."

Nikasema majani haya ya plastiki ni ya daraja la kwanza.

Hilo halikusaidia.

Jumatano, 12 Machi

Mke wangu ameshika usukani. Taa kubwa imekwenda stoo. Amehamisha samaki kwenye beseni, akanipa kazi ya kuteka maji, tukaliburuta tangi hadi ukuta wa mbali na jua. Akairudisha mimea mmoja mmoja, akakata majani yaliyooza, akafyonza uchafu wa chini kwa mpira. Maji mengine ya zamani ameyarudisha, mengine mapya. Taa ile ndogo ya marehemu itawaka saa chache tu kwa siku. Chakula atalisha yeye, chembe za kuhesabika.

Nikamuuliza kinachofuata ni nini. Akasema kinachofuata ni hakuna. Kisha akafunga mlango wa chumba cha wageni, akatia ufunguo mfukoni mwa sare, akaenda kazini.

Nyumba yangu. Mlango wangu.

Jumamosi, 15 Machi

Siku mbaya tangu asubuhi. Nimebandika sikio mlangoni. Pampu ya hewa inakoroma, basi. Dukani nimemkatia mteja pazia fupi, likaning'inia juu ya dirisha lake kama kaptura. Bosi akanishauri nikapumzike.

Sikutaka kuharibu kitu. Nilitaka kuangalia tu, na labda kusugua jiwe moja. Dirisha la chumba cha wageni halina nondo wala komeo la maana. Nikazunguka kwa nje na mswaki mfukoni. Nilipofika nikakuta miguu. Miguu miwili inaning'inia nje ya dirisha, na viatu vimepigwa rangi vizuri. Kiwiliwili kimo ndani.

Nilivijua vile viatu. Nikasema, "Mwanyumba."

Miguu ikatulia. Kisha sauti ya Injinia ikatoka ndani, ikasema alikuwa anapita.

Nilimvuta, akatoka na vumbi la kizingiti kifuani. Mkononi ana kichupa. Kumbe ni dawa ya matone, inaua mwani kwa siku moja, aliapa. Alitaka alisafishe tangi kimya kimya, halafu amwambie Mzee nani hasa aliliokoa. Nikamwambia ni uhaini. Akaniuliza mswaki ule mfukoni ni wa meno ya nani. Nilikishika kichupa, naye akakishika. Kikaanguka kwenye saruji, kikapasuka. Mchwa waliokuwa wakipita pale hawakupita tena.

Tuliwatazama wale mchwa. Nikawafikiria samaki. Nadhani na yeye aliwafikiria.

Mke wangu akatukuta hapo. Alitazama dirisha, akatazama saruji, akatutazama sisi. Akatuambia tukae kwenye ngazi ya mlango wa nyuma na tusinyanyuke hadi atakaposema. Tulikaa, wanaume wawili wazima. Injinia alininong'oneza kwamba kule kwake dada mtu yuko vile vile. Ndiyo mara ya kwanza nimempenda.

Jumapili, 23 Machi

Mzee amekuja.

Asubuhi mke wangu alifungua chumba na mimi nikaingia nyuma yake. Maji yalikuwa meupe. Usipokuwa mwangalifu unapiga pua kwenye kioo. Mimea ni mifupi bado, lakini ina vichipukizi vya kijani safi, na samaki wanapita katikati kana kwamba hawajawahi kunijua. Jambo moja tu lilinikera. Nyuma kabisa kuna jiwe, na jiwe lile lilikuwa limevaa mwani mnene, laini. Nilikuwa nimeshakunja mkono wa shati na kutoa mswaki mke wangu aliponishika kola. Akasema liache. Nikasema ni aibu. Akasema liache, bwana we.

Mzee akaletwa na Injinia, hatua kwa hatua, akakataa kushikwa mkono mlangoni. Akaketi. Mke wangu alisimama nyuma ya kiti chake, vidole vyake kwenye bega la baba yake. Injinia alikohoa. Mimi nilikuwa nahesabu makosa: ule mstari wa wembe, yale mashina niliyoyavunja, yule konokono mmoja mkaidi.

Mzee akaanza kuuliza polepole. Yule mwenye mkia uliochanika ndiye mgomvi? Ndiye, baba. Na yule mweupe anayejificha? Huyo ndiye mama alimwita Bibi Harusi. Akatikisa kichwa, akacheka kidogo. Kisha akainama mbele hadi paji la uso likagusa kioo.

"Na zulia lenyewe hili hapa," akasema.

Mke wangu akamuuliza zulia gani. Akaonyesha jiwe. Akasema marehemu alikuwa akimwambia kuna jiwe huko nyuma limetandikwa zulia la kijani, na jioni samaki hulichana kwa midomo. Alikuwa haligusi kamwe, aliwaachia wao.

"Nilijua anatia chumvi ili nifurahi," akasema Mzee. "Kumbe lipo."

Akapeleka mkono kufuta jicho. Daktari alimkataza, mke wangu akauwahi ule mkono na hakuuachia. Injinia akatazama dari. Mimi nikausukuma mswaki chini kabisa ya mfuko.

Mzee amesema tangi libaki hapa, na yeye atakaa nalo wiki hii nzima.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeamka nikiwa mwepesi. Watu wote wanasifu subira ya mke wangu. Sawa. Mimi natazama mambo kwa upana. Taa, giza, konokono, kila mbinu ilichangia. Zilinyimwa muda tu.

Na sasa nimegundua jambo ambalo wengine hawakuliona. Mzee kafurahia zulia. Lakini zulia lenyewe ni la jiwe moja, tena la nyuma. Mawe mengine yote yako uchi. Anainama hadi shingo inamuuma. Mkwe mwenye akili hangoji kuambiwa.

Nimeleta samadi ya kuku, nusu kiroba, kutoka kwa mfugaji wa mtaa wa pili. Nimeiroweka kwenye beseni nyuma ya nyumba. Inatoa harufu kali, ambayo nadhani ndiyo nguvu yenyewe. Mwani ukipata hii, kufikia Ijumaa Mzee atakuwa na zulia la ukuta hadi ukuta. Nimempigia Injinia nimwambie. Akauliza kama nahitaji msaidizi. Anakuja.

Mke wangu yuko kazini. Ana mama wa mapacha leo, hatarudi mapema. Mzee amesinzia kitini mbele ya tangi, mikono tumboni, ametulia. Mke wangu alipotoka aliniachia agizo moja tu: nikae na baba, nisiguse kitu.

Nimekaa. Karibu dakika kumi nzima.

Nitaanza na kikombe kimoja.