Tembo Aliyepoteza Mkonga

Jumatatu, 6 Mei 2024

Leo nimeamua. Lazima niwe msimamizi wa ukurasa wa Kongo katika ile katalogi ya sarafu ya mtandaoni. Miaka yote hii nachangia bila malipo! Katalogi ni ya wote: mwanachama yeyote duniani anatuma picha na maelezo ya sarafu, wengine wanakagua. Ukurasa wa Kongo hauna mwenyewe. Bi Fanny wa Liège, anayeongoza katalogi nzima, ameandika kwamba atamchagua mchangiaji mwenye kazi nzuri zaidi.

Ni mimi, bila shaka. Shida ni Jean-de-Dieu. Ana duka la dawa hapa mtaani Nguba, Bukavu, jirani na sekretariati yangu ya fotokopi. Ni baba wa ubatizo wa binti yangu Lucie, kwa hiyo siwezi kumchukia hadharani. Picha zake ni safi mno. Mtu anayepiga picha safi namna ile anaficha kitu.

Georgette, mke wangu, aliniuliza sarafu zina faida gani katika nchi ambako hata muuza karanga anataka noti. Nikamjibu kwamba ndiyo maana zinahitaji mtetezi. Akarudi jikoni.

Jumatano, 8 Mei

Nimepata silaha! Kabatini, ndani ya kipande cha kitenge: sarafu ya faranga mbili ya mwaka 1943, ya pembe sita, tembo katikati. Ni ya mama mkwe wangu, Maman Cibalonza wa Mumosho. Baba yake aliipata katika mshahara wake wa kwanza, shambani kwa Wazungu, na hakuitumia mpaka kufa. Maman amemkabidhi Georgette aitunze hadi Jumapili, Lucie atakapopokea komunyo ya kwanza na kukabidhiwa. Yaani hadi Jumapili inalala bure. Nimeiazima. Sikumwambia mtu, kuepusha maswali.

Imekuwa ya kahawia kama sufuria ya msibani. Jean-de-Dieu ameshatuma ya aina hiyo hiyo, na yake inaonekana vizuri. Yangu lazima ing'ae. Kanuni ya katalogi inasema kwa herufi nzito: usisafishe sarafu kamwe. Kanuni hiyo iliandikwa na watu wa Ulaya, wasiolijua vumbi la Bukavu.

Ndimu na majivu: kidogo. Dawa ya meno: kidogo zaidi.

Alhamisi, 9 Mei

Sikukuu ya Kupaa. Baada ya misa nikapita kwa Jacques, fundi wa kuchomelea vyuma, asiyeheshimu sikukuu. Ana mashine ya kusugulia rimu za magari. Alinitahadharisha: "Papa Lucie, hii mashine haina huruma." Nikamwambia aache woga. Cheche! Mlio! Ikatoka inawaka kama dhahabu ya Shabunda.

Nyumbani nikaitazama vizuri. Tembo hana mkonga.

Nikaitazama tena. Hana.

Ijumaa, 10 Mei

Sikupata usingizi. Lakini mwenye akili hakosi mlango. Nani alisema tembo wote lazima wawe na mkonga? Nimetuma picha: "Aina mpya, haijawahi kuorodheshwa. Tembo asiye na mkonga." Mega zangu zote za intaneti zimeishia humo. Pongezi zimemiminika. Mtu wa Brazili ameandika kwamba ameitafuta sarafu hii maisha yake yote. Maskini! Na juzi haikuwepo.

Bi Fanny akataka uzito. Nikaenda kwa Pascal, anayenunua dhahabu ya Mwenga. Mizani yake haidanganyi, ndiyo kasoro yake. Sarafu ni nyepesi mno. Nimeandika kwamba mwaka 1943 ilikuwa vita, shaba ilikuwa haba, hata tembo walikonda. Bi Fanny amejibu kwamba maelezo yanavutia.

Jumamosi, 11 Mei

USHINDI! Mimi ndiye msimamizi wa Kongo, kwa majaribio. Nimeanza kuboresha papo hapo. Nimefuta sehemu ya uzito, inaleta mabishano. Nimeiondoa sarafu ya Jean-de-Dieu, kwa sababu tembo wake ana mkonga na hilo linatia shaka. Juu kabisa nimeweka picha yangu, nimevaa koti.

Jioni Jean-de-Dieu akapita dukani kwangu. Hakugomba. Aliuliza tu kama anaweza kuishika ile sarafu mkononi. Nikasema iko benki. Akautazama mfuko wa shati langu, uliokuwa unametameta, akaniaga kwa adabu. Adabu ya namna ile ni matusi.

Jumapili, 12 Mei

Lucie alipendeza. Gauni jeupe, mshumaa, uso wa malaika. Sarafu nilikuwa nimeshairudisha kwenye kitenge chake, nikitumaini kwamba bia na mbuzi vitawafumba watu macho.

Baada ya chakula Maman Cibalonza akasimama, akaomba kitenge, akakifungua mbele ya wageni wote. Akavaa miwani. Kisha akaipapasa sarafu kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayetafuta njia gizani.

"Georgette," akasema, "huyu si tembo ya baba. Tembo ya baba ilikuwa na pua."

Georgette akanigeukia. Wageni wakanigeukia. Nikaruka na simu mkononi, nikamwonyesha ukurasa, pongezi, mtu wa Brazili. "Maman, sasa tembo yenu inajulikana dunia nzima!"

"Dunia nzima ilikuwa inaiomba?"

Jean-de-Dieu akatoa mfukoni sarafu yake mwenyewe, ile safi, yenye mkonga wake wote, akamnyooshea Maman amkabidhi Lucie. Mtu wa kujionyesha! Lakini Maman akausukuma mkono wake polepole. "Aksanti, mutoto wangu. Yako iko muzuri. Lakini baba hakuishika."

Akaiweka ile yangu katika kiganja cha Lucie, akakifunga kwa mikono yake miwili. "Baba yangu aliniachia tembo muzima," akamwambia. "Baba yako amemukula pua."

Watu wakacheka mpaka viti vikalia. Maman hakucheka. Alikaa, akakikunja kitenge kitupu, akakikunja tena, mpaka kikawa kidogo kama kidonge.

Kwa muda nilijisikia vibaya kweli. Kisha nikakumbuka kwamba hakuna hata mmoja aliyenishukuru kwa kuing'arisha.

Jumanne, 14 Mei

Usaliti! Georgette amemwandikia Bi Fanny kwa Kifaransa, kwa simu yangu mwenyewe: si aina mpya, Madame, ni mume wangu. Tembo wangu ameondolewa. Mtu wa Brazili ameandika maneno ambayo, nashukuru Mungu, siyaelewi. Msimamizi mpya ni Jean-de-Dieu. Kazi yake ya kwanza: kurudisha sehemu ya uzito. Hana ubunifu.

Picha ya sarafu yangu hata hivyo imebaki, kwenye ukurasa wa maonyo, chini ya maneno "Usifanye hivi". Ndiyo inayotazamwa kuliko zote za Kongo. Jina langu halipo! Nimemwandikia Bi Fanny kudai haki yangu.

Georgette anaongea nami kupitia kwa Lucie.

Jumapili, 19 Mei

Pentekoste. Roho amenishukia. Sarafu nimeachana nazo, chuma hakina shukrani. Kuna katalogi nyingine, ya stempu, na huko pia ukurasa wa Kongo hauna mwenyewe!

Tonton Luc, mjomba wa Georgette aliyekuja kutoka Sange, ametuachia bahasha ya zamani tumtunzie, barua ya mwisho ya marehemu kaka yake. Stempu yake ina ndege mzuri juu ya tawi, ila wino wa posta umemchafua. Nimeibandua kwa mvuke, nikailoweka katika sabuni na javeli ya kung'arishia nguo. Kidogo tu.

Wino umetoka wote. Ndege pia. Tawi limebaki.

Nimepitia katalogi yote ya stempu. Hakuna nchi yenye stempu ya tawi peke yake. Naandika maelezo sasa hivi, kabla mtu mwingine hajaiwahi.