Naomba Urudishe Ubovu wa Gia ya Tatu

Kwako Fundi Mkuu,
Gereji iliyo nyuma ya ghala la mbao.

YAH: KULIPONYA GARI LA MWANANGU BILA RUHUSA YANGU

Ndugu Fundi,

Salamu nitakupa mwishoni, nikiona unazistahili. Mimi ni mama wa yule mwenye gari la kijani, lile kuukuu, lenye mlango mmoja wa rangi nyingine. Ulikaa nalo wiki nzima ukalirudisha limepona. Naandika kulalamika kwamba limepona.

Usicheke. Futa mikono kwanza, ndipo usome.

Gari hilo mwanangu alilinunua likiwa limeshachoshwa na watu wengine. Gia ya tatu ilikuwa haikai. Ukiiingiza inatulia kidogo kama mgeni mwenye haraka, kisha inaruka yenyewe, injini inapiga kelele na gari halivutwi na kitu. Mwanangu hakuweza kushika usukani huku na gia huku. Basi nikakaa kiti cha mbele, nikaishika mimi. Yeye akiingiza ya tatu anasema "Mama," natia mkono. Akitaka kuitoa anasema "Haya," naachia. Tumekwenda hivyo sokoni, hospitalini, misibani na harusini, wala hatujagonga hata kuku. Wajukuu wakaniita Bibi Gia. Sasa sikiliza makosa yako.

1. Hukuniuliza. Ulipokuwa unatafuta ugonjwa ulimuuliza mwanangu kama gia inaruka akikanyaga mafuta au akiachia. Akajikuna kichwa. Angejuaje? Mkono ulikuwa wangu! Na mimi nilikuwa pale pale, nimekaa juu ya tairi lako, mkoba mapajani, nakutazama. Inaruka ukiachia mafuta, hasa mteremkoni. Inaanza kutetemeka kiganjani kama kuku aliyekamatwa miguu, halafu inasukuma. Fundi wa kwanza alisema ni klachi, akabadilisha sahani yake, gia ikaruka vilevile. Wa pili alisema ni oili ya gia boksi, akamwaga, akajaza mpya, ikaruka kwa ulaini zaidi. Hao ndio mafundi wenye heshima, hawaingilii mambo ya watu. Wewe ukalala chini ya gari, ukaisukuma injini kwa nondo, ukaona mpira unaoishikilia umekatika. Hukutosheka. Ukashusha gia boksi, ukaifungua, ukakuta ule uma unaosukuma gia umelika upande mmoja, ukaweka mpya. Nani alikutuma uwe hodari kiasi hicho?

2. Gia ya pili ilikuwa ikiingia inasaga meno, mtaa mzima unasikia. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, akitusikia kule konani anapakua, tukiingia chakula kiko mezani. Siku hizi tunafika kimya kama paka, tunamkuta kajinyoosha kwenye kochi na jiko limelala. Ananilaumu mimi, eti namnyatia. Mimi! Umetugombanisha.

3. Gia ya kurudi nyuma ilikuwa haiingii kabisa, na hiyo ilikuwa neema. Mama yake mkwe wangu anakaa mwisho wa kichochoro kisicho na pa kugeuzia. Ukiingia na gari lisilorudi nyuma, unatoka kwa kusukumwa. Kwa hiyo tulikuwa tunamtumia salamu, naye anazipokea, tunapendana sana. Wewe ukaifufua rivasi bila kuombwa, eti umeshafungua basi bora umalizie. Sasa kila Jumapili tunaingia kichochoroni vizuri na kutoka kinyumenyume, naye akiwa ndani.

4. Naye anakaa mbele. Hili ndilo hasa. Siku ya kwanza tulipokwenda kumchukua nilishuka kumfungulia mlango wa nyuma, ndiyo adabu niliyofunzwa. Kugeuka, kaketi kitini kwangu na vitenge vyake vyote. Nikangoja mwanangu aseme neno. Akasema, "Mama, pita nyuma tu, gia siku hizi inakaa yenyewe." Inakaa yenyewe! Mbele ya watu! Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu kaja, mwenyeji kabanwa na gunia la mkaa. Kule nyuma sioni barabara, naona visogo. Mjukuu wangu mdogo akaniuliza kama sasa sina kazi. Nikaangalia dirishani mpaka tukafika.

5. Mkono wangu hukuutengeneza. Injini ikipanda kutaka ya tatu, mkono unanyanyuka wenyewe. Jumapili iliyopita ulikamata sikio la mjukuu ukalishikilia mteremko wote. Mtoto hakulia. Alidhani ni adhabu, akaanza kukiri mambo ambayo hatukuwa tunayajua.

Kwa hiyo naomba haya, na ni haki yangu, mchimba kisima hakatazwi maji. Ule uma wa zamani, najua mafundi hamtupi kitu, urudishe ulikoutoa. Kama umeshaupoteza, huu mpya uukwangue kwa tupa upande mmoja, kidogo tu, gia iruke mteremkoni peke yake. Tambarare iache itulie, sina choyo. Rivasi iue kabisa. Na ukimwona mwanangu mweleze kitaalamu kwamba magari ya umri ule hayaendi bila mama mtu mzima kukaa mbele. Wewe ukisema ataamini, umevaa ovaroli. Ukikataa, nitaleta kigoda changu nikae mlangoni pa gereji yako, nimwambie kila mteja ukweli wako wote, kwamba vitu vinaingia kwako vibovu na kutoka vizima. Tuone nani atathubutu kuleta gari lake.

Msalimie mpiga rangi, mwambie afunge kitambaa puani. Msalimie wa betri, na yule ambaye sijapata kuuona uso wake, miguu tu chini ya magari. Msalimie na mama yako mzazi, halafu ujiulize humkalisha kiti gani.

Ni mimi mwenye hasira ya haki,
Mama wa gari la kijani

Nyongeza: Tupa usiishike! Mwanangu ameiona barua hii kabla sijaifunga. Alianza kuisoma amesimama, akaimaliza amekaa sakafuni anafuta machozi ya kicheko, halafu yakawa machozi ya aina nyingine. Akanipeleka uwanja mtupu, akashuka, akafungua mlango wa dereva, akasema, "Mama, pita huku." Ya kwanza ilinizimikia mpaka nikaitukana. Ya pili ikaingia. Ya tatu nikaiingiza mwenyewe, mwanangu akasema niachie, nikaachia, na ikakaa. Fundi mwanangu, ikakaa! Nilipiga kigelegele mbwa wakatawanyika. Rivasi ndiyo usiniulize, nimeuzunguka uwanja wote kinyumenyume nikikataa kusimama. Basi yafute yote niliyoandika hapo juu, na Mungu akuzidishie mikono. Jumamosi tunakuletea klachi, inanuka kama nywele zilizoungua, wala usiulize nani. Na mama yake mkwe wangu sasa anakaa nyuma kwa hiari yake mwenyewe. Leo kafunga mkanda hata gari halijawashwa.