Fundi wa Kufua

Jumatatu, 2 Juni

Kikao cha utafiti ofisini kwa Mama Vigae. Mezani, sahani nzima ya mavi ya chuma. Ndivyo yanavyoitwa, jina sikulitunga mimi. Ni yale mabonge meusi yanayobaki watu wakishayeyusha mawe ya chuma. Ameyachimbua kilimani nyuma ya karakana, pamoja na msingi wa tanuru la kale. Anayashika kwa ncha za vidole kama mayai ya njiwa.

Mpango ni huu: tanuru lijengwe upya, liwashwe, chuma kitoke kama zamani. Mama Vigae wa akiolojia anachimba. Nati wa uhandisi anajenga. Mizizi wa sayansi ya mimea anatazama vipande vya makaa kwenye hadubini na kusema vilitoka kwenye mti gani. Mimi ni wa kitivo cha elimu. Nati akauliza nitafanya nini. Nikasema nitaelimisha. Mizizi akakohoa kwa huruma.

Uamuzi wa Nati: hadi Ijumaa nilete kitu cha kushikika. La sivyo jina langu litaondolewa kwenye orodha ya waandishi wa utafiti na kupelekwa kwenye shukrani, kati ya dereva na mlinzi wa geti.

Tumetoka mbali sisi wanne. Enzi za hosteli tulikuwa na birika moja. Mama Vigae alikuja na sukari kutoka bweni la wasichana, Mizizi alileta majani ya chai, Nati alitengeneza waya uliokuwa ukiungua kila wiki. Mimi nilikunywa. Nati alikuwa akisema chungu hukaa juu ya mafiga matatu, la nne ni la kukalia. Nilikuwa nacheka mpaka mbavu ziume. Leo sikucheka. Mwisho wa mwaka wote tunastaafu, na huu ndio utafiti wetu wa mwisho. Nataka majina yetu yakae pamoja kwenye karatasi moja, basi. Nasema ukweli, inaniuma.

Jumanne, 3 Juni

Wazo limenijia bafuni, povu likiwa machoni. Wenzangu wana mawe, wana makaa, wana matofali. Hawana mtu! Anahitajika mrithi wa wahunzi, ambaye babu yake alifua chuma kwa mikono yake. Nikimleta huyo, Nati mwenyewe atanipisha kiti.

Nimeandika tangazo kwa herufi kubwa: ANATAFUTWA MTU ALIYERITHI UFUNDI WA KUFUA KWA MIKONO, KUTOKA KWA MABABU. Nimelibandika sokoni, zahanati na kwa kinyozi. Neno "chuma" nimeliacha makusudi. Nati ananyolewa kwa kinyozi yuleyule, angenusa mpango na kuniwahi. Mwenye akili ataelewa.

Mke wangu amesoma nakala. Akauliza kama nina hakika na maneno yangu. Nikamwambia mambo ya utafiti awaachie watafiti. Akaniangalia kwa ule utulivu wake ninaoufahamu, akaendelea kuchambua mchele.

Alhamisi, 5 Juni

Amekuja! Mtu wa makamo, mabega mapana, viganja vimechanikachanika. Nikamkaribisha ofisini, nikamfungia mlango asije akaibwa.

Nikamuuliza kama kweli amerithi. Akasema baba yake alifua, babu yake alifua, na baba wa babu yake alifua hadi siku aliyokufa. Nikamuuliza kama wanatumia jiwe. Akasema bila jiwe hakuna kazi, lazima upige, na vijana wa siku hizi wanaotegemea mashine hawajui hata kukunja mkono. Nikamuuliza habari za moto. Akasema makaa yawe ya mti mgumu, ya mti laini hurusha cheche na kuharibu kazi ya mtu. Niliandika yote. Machozi yalinilenga. Tayari nilikuwa namwona Nati akinipangusia kiti kwa leso yake.

Kisha akauliza kama zilizopo ni nyeupe tupu au zimo na za rangi, maana za rangi huchuja.

Nikaweka kalamu chini. Nimeleta dobi.

Nikamweleza polepole kuhusu chuma. Akasema chuma hajawahi kukifua, ila pasi anayo. Mwenye busara angempa soda na kumsindikiza getini. Lakini kesho ni Ijumaa, na mfa maji haachi kutapatapa. Halafu nikafikiri: mtu huyu amesema uongo gani? Hata mmoja. Kasoro ilikuwa kwenye swali. Nikamwomba aje kesho ajibu kama alivyojibu leo, asiongeze neno. Akakubali upesi mno. Kumbe ni msemaji, na nyumbani kwake hakuna anayemsikiliza.

Ijumaa, 6 Juni

Karakana, asubuhi. Mama Vigae na kinasa sauti chake. Mizizi na daftari. Nati na uso wake ule wa kukagua nyufa. Dobi amevaa koti jeupe kuliko koti lolote chuoni.

Alianza vizuri. Baba, babu, jiwe, kupiga. Mama Vigae akamuuliza kama walitumia majivu. Akasema sana, zamani kabla ya vitu vya dukani, na yanachagua mti. Mizizi akajaza kurasa mbili. Mama Vigae akauliza wazee walijuaje kwamba kazi imekamilika. Akasema kwa kunusa. Mama Vigae alinigeukia akanibana mkono kwa furaha, kama siku ile matokeo yetu yalipobandikwa ukutani. Hata Nati akavua miwani, na Nati havui miwani kwa mtu yeyote. Akauliza hatua ya mwisho ni ipi, kabla ya kumkabidhi mwenye kazi.

Hapo sifa zikampanda Dobi kichwani. Akasema hiyo sasa ni siri ya ukoo. Mwisho kabisa, unatia bluu.

Nati akauliza bluu gani. Dobi akaeleza kwa mapana na marefu: unaifunga kwenye kitambaa, unaikoroga majini, nyeupe zinatakata mpaka jirani anaona wivu. Nikautazama mlango. Ulikuwa mbali.

Nati akasimama. Nikajua leo ni leo. Lakini akakaa tena. Akasema mama yake alikuwa akitia bluu, kila Jumamosi, kwenye shati lake la shule. Bluu haikumtoka vidoleni hadi Jumatatu. Akimshika shavu kumuaga, Nati alifika darasani na alama, na wenzake walimcheka, naye hakuifuta. Miaka yote hii hakuwahi kunisimulia. Alipangusa miwani kwa muda mrefu, na sote tukajifanya tunaangalia matofali.

Mizizi ndiye aliyeanza kucheka. Akakumbusha lile shati lake jekundu, tulipofua pamoja nyuma ya hosteli, likageuza nguo zetu zote rangi ya waridi tukaingia nazo kwenye mtihani. Mama Vigae akasema msimamizi alidhani ni mgomo. Walicheka mpaka kinasa sauti kikaanguka. Dobi akasema angekuwepo yeye hilo lisingetokea, kisha akatukusanyia makoti yote ya maabara bila kuulizwa.

Wakati wa kutoka Nati akanishika bega. Akasema jina langu halikuwahi kutoka. Lipo tangu siku ya kwanza, la nne. Alitaka tu nishtuke nifanye kazi. Kwa hiyo niandike sura ya walimu, namna ya kuwafundisha watoto kuhusu tanuru. Nichape na ukurasa wa mbele wenye majina. Nisitafute mtu. Nisibandike kitu popote.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Nawapenda watu hawa tangu nilipokuwa na nywele.

Jumapili, 8 Juni

Sura ya walimu sijaianza. Nimeshughulika na ukurasa wa mbele. Nimeuchapa vizuri, na jina la kwanza nimeweka langu. Kesho watatia sahihi bila kusoma, nawajua.

Mke wangu akauliza itakuwaje Nati akigundua. Nikamwambia atafura kama andazi. Atapiga simu. Nisipopokea atakuja mwenyewe, atanifokea sebuleni. Mama Vigae ataitwa kuamua, na Mizizi atamfuata ili asipitwe. Watasema tukutane tena kusahihisha. Nitakataa. Tutakutana tena. Kwa jinsi ninavyoweza kuwa mbishi, jambo hili linaweza kufika hata mwakani, tukiwa tumeshastaafu, kila mtu kwake.

Alifungua kabati, akahesabu vikombe. Kisha akauliza kama Nati bado anakunywa chai bila maziwa. Nikamwambia sijui, ni siku nyingi hajafika hapa.