Skii Zangu Pana Kuitwa Mbao

Placida Kokuhirwa,
Upper Norwood, London.
Februari 2009

Kwa Ndugu Leonard,
Mhariri wa Jarida la Umoja wa Watanzania wa Kusini mwa London.

Ndugu Mhariri,

YAH: KUDHALILISHWA KWA SKII ZANGU

Natumaini barua hii inakukuta ukiweza kuishika kwa mikono yote miwili. Kama mmoja bado una bandeji, naomba mkeo akushikie, maana sitaki jambo lolote likuzuie kuisoma hadi mwisho. Mimi ni mzima, isipokuwa goti.

Jarida la mwezi huu nimelisoma kazini, kwenye chumba cha mapumziko cha wauguzi. Umeandika habari ya ndoa ya Beatha, binti wa kaka yangu, na Noel, iliyofungwa Jumatatu ile theluji iliposimamisha mabasi ya London. Habari ni nzuri na picha ya bibi harusi imetoka vizuri. Lakini katika mistari michache uliyonitengea mimi, umenikosea karibu kila sentensi, na uungwana unanilazimisha kuyapanga makosa yako kwa namba ili yasikupotee.

1. Umeandika kwamba "shangazi wa bibi harusi aliwasili juu ya mbao".

Ndugu Mhariri, mbao huuzwa kwa futi. Skii zangu za kutelezea kwenye theluji zilichaguliwa. Tangu wauguzi wenzangu waliponivuta kwenda milima ya Ufaransa, nikashuka mteremko wa kwanza nikilia na wa pili nikiimba, nilijua nimeambukizwa. Niliporudi nikaenda Wembley kwa Bwana Harish, anayeuza vifaa vya michezo vya mitumba. Akaniuliza nateleza kwenye theluji ya aina gani. Nikamjibu, ile anayoileta Mungu. Akanitazama kama daktari aliyesikia kikohozi kibaya.

Akanieleza kwamba skii nyembamba ni kisu. Kwenye theluji iliyoshindiliwa hukata vizuri, lakini kwenye theluji laini ya unga huzama, na mwenyewe huzama nayo. Zile pana kupita kiasi ni sinia: zinaelea juu ya unga raha mustarehe, ila zikikuta barafu hazishiki chochote, inabaki sala. Mtu wa theluji mchanganyiko, alisema, achukue pana ya wastani, inayozidi kidogo upana wa kiganja pale kiatu kinapokaa. Pua iwe imeanza kuinuka mapema ili isichimbe. Katikati iwe na upinde kidogo, ili ukiikanyaga kingo za chuma zing'ate. Urefu, inifike kwenye paji la uso. Tukazisimamisha moja baada ya nyingine mbele yangu pale dukani, kama wachumba, hadi tukampata anayenifika kwenye paji.

Sasa niambie, ubao una pua? Umewahi kuona ubao unaong'ata?

2. Umeongeza kwamba zilikuwa "zimefungwa miguuni kwa kamba".

Kamba hufunga mbuzi. Skii ina vishikizo, na vishikizo vyangu vilipigwa skrubu na Pramila, mke wa Harish, mwenye karakana nyuma ya duka. Mama yule hana haraka. Alivisogeza nyuma kidogo ya katikati, ili pua ibaki juu kwenye unga. Lakini akakataa kuvisogeza zaidi, kwa sababu kwenye theluji ngumu ningeshindwa kukata kona na ningeishia Scotland. Akatafuta breki za kuisimamisha skii ikichomoka mguuni, pana za kupita nje yake, kwa kuwa zile za kawaida zingekwama juu yake. Akanoa kingo chini ya miguu, akazifubaza kidogo puani na mkiani zisininase nisipotaka. Akapaka nta ya theluji yenye majimaji, akisema kwa nchi hii nta nyingine hazina faida.

Kisha ikaja kazi ya kupima nguvu ya vishikizo, yaani viachie mguu wakati gani ukianguka, kabla mfupa haujavunjika. Kwa hilo lazima aujue umri wako, urefu wa soli ya kiatu, ustadi wako, na uzito. Uzito nilimnong'oneza. Yeye akaurudia kwa sauti kubwa, Harish akaukariri kwa sauti kubwa zaidi kutoka kaunta, na mteja aliyekuwa akijaribu raketi akaiweka chini akanitazama kwa heshima. Nikajaribu kuomba apunguze kidogo. Pramila akasema, "Mama, ukinidanganya mimi, utaachiwa ukipiga chafya." Nikauacha ukweli ukaandikwa. Mtu aliyepita mtihani huo, Ndugu Mhariri, hastahili kuambiwa habari za kamba.

3. Umesema "kwa kuwa njia yote ni mteremko, safari haikuwa na tabu".

Hapa ndipo niliposimama katikati ya chumba cha wauguzi na kusoma kwa sauti, wenzangu wakadhani nimefiwa.

Ngoja nikueleze safari. Asubuhi ile niliamka nikakuta kilima chote cha Norwood kimefunikwa, magari yamegeuka vichuguu, na kituo cha basi kina mtu mmoja aliyekata tamaa. Nimeshavaa gauni langu la kitenge cha zambarau na kilemba. Simu ikalia. Ni Beatha, yuko ofisi ya ndoa bondeni, upande wa Croydon. Yeye na Noel walifika kwa miguu, na wewe pia, uliyekuwa shahidi wa Noel. Shahidi wa Beatha nilikuwa mimi. Akaniambia, "Shangazi, msajili anasema muda wetu ukipita hafungi tena leo. Na Noel anaondoka." Noel alikuwa amepata kazi Mwanza na tiketi yake ilikuwa ya wiki ile. Kama wasingefunga siku hiyo, angekwenda bila mke, na mke angebaki kwangu akinililia kila nikipika. Huyu mtoto nimemlea tangu alipofika London na sanduku lililofungwa kwa mkanda wa baba yake. Nikamwambia, mwambie msajili anywe chai, nakuja.

Nikavaa buti. Nikatoa skii nyuma ya friji. Nikaruka.

Juu kilimani ilikuwa theluji ya unga, Ndugu Mhariri. Unga wa muhogo, mweupe, mkavu, haujaguswa na mtu. Skii zikaelea. Kitenge kikapepea. Nilipita katikati ya South Norwood Hill ambako maisha yangu yote ya London nimepita nikiwa nimeshikilia bomba la basi, na siku hiyo barabara nzima ilikuwa yangu. Watoto waliokosa shule wakanipigia makofi. Nikapiga vigelegele, maana nilikuwa peke yangu upande wa bibi harusi na mtu lazima avipige.

Katikati ya kilima nikakuta magari ya usiku yameushindilia ule unga, umekuwa ukoko. Unajua ukoko wa wali unavyoshikilia sufuria? Basi kinyume chake. Hapo ndipo kingo zilipong'ata, nikamshukuru Pramila kwa jina lake lote. Chini kidogo ukoko ukawa madonge, madonge yakawa uji. Mwenye skii nyembamba angezikwa pale. Mimi nilinyoosha mikono, nikaegemea nyuma kidogo, zikapita juu yake kama kijiko.

Kisha nikakutana na chumvi. Baraza la mtaa lilikuwa limemwaga chumvi na changarawe kwenye barabara kuu, na hakuna skii duniani iliyotengenezewa changarawe. Ikanibidi kuvua, kuziweka begani, kutembea na buti za plastiki kama roboti mwenye kilemba, na kuvaa tena mbele. Polisi mmoja akanisimamisha. Akaniuliza nakwenda wapi na hali ile. Nikamwambia harusini, nimechelewa. Akasimamisha gari la maziwa, lililokuwa gari pekee, nipite.

Hiyo ndiyo safari uliyosema haikuwa na tabu.

4. Umeandika kwamba "aliangukia mlangoni".

Sikuanguka. Nilisimama, kwa kukutumia wewe. Ulikuwa umetoka nje na kamera, umekaa katikati ya njia ya kuingilia, unapiga picha theluji. Nilikupigia kelele upishe kushoto, ukapisha kulia. Vishikizo viliachia miguu yangu yote miwili kwa wakati uleule, sawasawa na alivyopima Pramila, na ndiyo maana mimi nina goti la kuuma tu na wewe mkono wa kuteguka. Mkono ule kwa kweli naujutia. Lakini mtu aliyelazwa juu ya mhariri hajaanguka, amefika.

5. Kosa la mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Umemalizia: "Shughuli ikaendelea kama ilivyopangwa."

Iliendelea kwa sababu gani? Niliingia nikiwa na theluji kwenye kilemba, Beatha akanikumbatia akicheka na kulia, msajili akasoma maneno, wakaapa, nikashika kalamu kwa vidole visivyohisi kitu, nikatia saini. Bila skii pana ya wastani, yenye pua iliyoinuka na vishikizo nyuma kidogo ya katikati, ndoa ile isingekuwapo. Ni hesabu ya kawaida.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, usahihishe habari hiyo ukurasa wa mbele. Pili, Umoja ukiri rasmi kwamba theluji ya London ni mchanganyiko na kwamba mwanachama asiye na skii pana hajajiandaa kuishi hapa. Tatu, achaguliwe Mlezi wa Theluji, nami sitakataa nikiombwa. Nne, posa zote zinazopitia Umoja zidai jozi moja ya skii kwa upande wa shangazi, ikiwa imepimwa kwa uzito wa kweli. Tano, tuliandikie baraza la mtaa lisimwage chumvi barabara kuu mpaka nimepita. Na sita, kwa kuwa katiba yetu inasema wanachama "watasaidiana wakati wa jua na mvua", neno theluji liongezwe kabla ya jua.

Nisalimie mkeo, nisalimie wanakwaya wote, hasa wa sauti ya pili walioniuliza kama kitenge kilipona. Kimepona. Msalimie mweka hazina na mwambie namkumbuka. Wasalimie hata wale waliosema mtu wa Bukoba na theluji wapi na wapi. Waambie nimewasamehe nikiwa mwendo wa kasi.

Wako katika ujenzi wa Umoja na ukarabati wa goti,

Placida Kokuhirwa (Bi.)

Tanbihi: Nilikuwa nimeshalamba bahasha Beatha akapiga simu kutoka Mwanza, alikomfuata mumewe. Nikamsomea barua hii yote kwa majivuno. Akasema kuna jambo hajawahi kuniambia. Anasema nilipokuwa bado navua buti kwenye chumvi, muda wao ulikuwa unakwisha, na msajili akawaambia shahidi anaweza kuwa mtu yeyote mzima. Akaitwa mlinzi wa mlangoni, akatia saini pamoja na wewe. Walikuwa mume na mke nami sijafika hata kwenye mataa ya barabarani. Wewe ulitoka nje kunisubiri, ili nikija unieleze taratibu nisije nikavunjika moyo, na sikukupa nafasi ya kufungua mdomo. Beatha alipoona nimelala pale juu yako, akamwomba msajili arudie maneno yote tangu mwanzo. Msajili, aliyekuwa ameniona dirishani, akakubali. Karatasi niliyosaini ni ile wanayowawekea maharusi wapigie picha tu. Na wewe ukaenda ukaandika kwamba shughuli iliendelea kama ilivyopangwa, mkono wako ukiwa umefungwa.

Ndugu Leonard, namba zote hapo juu zifute. Nitakuja Jumamosi kukuletea ndizi na nyama. Beatha anasema ile ndoa ya kwanza aliapa akitetemeka, hakumbuki hata neno. Ya pili ndiyo anayoikumbuka.