Ombi la Kutenganishwa Bomba Langu na la Bwana Venance

Ndugu Mwenyekiti, Bi Herieth,
Ofisi ya Serikali ya Mtaa, Mtoni, Temeke.

Salaam. Nakuandikia nikiwa bado na povu la sabuni sikioni, hivyo utanisamehe mwandiko.

Nianze kwa kushukuru kwamba maji ya bomba yamefika mtaani. Shukrani zinaishia hapo. Fundi Gozbert, aliyekuja kuunga bomba jipya na yale ya ndani, aliona uvivu kuchimba. Nyumba yangu na ya jirani yangu Venance, mchonga vinyago, zamani zilikuwa za mtu mmoja, na ndani ya ukuta unaotutenganisha limepita bomba moja la chuma. Akatuunga wote humo. "Mzee, si maji yatatoka?" akaniambia. Yametoka. Ila mmoja akifungua, mwenzake anakaukiwa.

Ufahamu pia kuwa mimi na Venance tulikuwa hatusemezani tangu fenesi lake lilipoanguka likatoboa bati la jiko langu. Fenesi tulilila, lilikuwa tamu. Samahani ndiyo haikuja. Tukazoea kununiana kwa amani. Sasa tazama yaliyonipata:

1. Alfajiri natia udhu. Nimefika mguu wa kushoto, maji kimya! Mkewe, Genoveva, anajaza ndoo. Nilivumilia weee, mwisho nikagonga ukuta: "Mama, funga kidogo, nimebakiza mguu!" Akajibu, "Shikamoo Mzee Abdulrahman! Nafunga!" Shikamoo, Bi Mwenyekiti, huwezi kuiacha ikining'inia. Nikaitikia marahaba. Kununa kwangu kote kukatoboka kama lile bati.

2. Genoveva huosha vyombo huku akiimba nyimbo za kwaya. Kwa kuwa namsubiri amalize, nazisikia zote. Juzi mke wangu Thuraya kanikuta dukani naimba ubeti wa pili mbele ya wateja. Mimi, ambaye kaka yangu ni mwadhini!

3. Venance naye kajipa mazoea. Nikiwa naoga anauliza ukutani, "Mzee, bado?" Namjibu, "Bado mgongo." Ni raia gani mwingine wa Temeke anayelazimika kutoa taarifa za mgongo wake?

4. Wanawake wamepangiana zamu za maji bila kutushirikisha. Zamu zikazaa maongezi, maongezi yakazaa sahani. Jana nimeletewa ming'oko, ile mizizi ya porini inayochemshwa kwao Kusini. Nilisema sijaipenda, nikapakua tena.

Mambo yakiachwa hivi, Idi watakuja kwangu, Krismasi nitakwenda kwao, na mwisho nitajikuta nimemsamehe lile bati, ambalo bado linavuja na sina nia ya kulisahau.

Kwa hiyo naomba uamuru Gozbert arudi, achimbe, kila mtu apate bomba lake, ili niweze kumnunia jirani yangu kwa uhuru kama watu wengine.

Nisalimie Katibu, mjumbe wetu wa shina, na mama anayekaanga mihogo nje ya ofisi yako.

Wako katika kuujenga mtaa, walau upande wangu wa ukuta,

Abdulrahman, mwenye duka la vitambaa.

Nyongeza: Barua hii ililala hapa ikisubiri bahasha. Leo asubuhi nimeoga mpaka mwisho, maji yanakuja kwa nguvu, hakuna aliyeyakata, hakuna aliyeuliza kama bado. Badala ya kufurahi, nikagonga ukuta. Nikaita, "Venance!" Kimya. Genoveva alikuwa ameshatoka kwenda sokoni. Nikafunga kikoi, nikazunguka kwao mbio, nikamkuta Venance kakaa chini katikati ya vinyago vyake, jasho linamchuruzika, hawezi kuinuka. Mimi na Thuraya tukamkimbiza hospitali kwa bajaji. Sukari ilikuwa imeshuka vibaya. Sasa amesharudi, anakunywa uji wa Thuraya. Kaniuliza, "Mzee, ulijuaje?" Nikamwambia, "Ulinyamaza."

Bomba lisiguswe. Gozbert aje hata hivyo, na nyundo na tindo. Tunataka mlango kwenye ule ukuta, maana kuzunguka barabarani na kikoi kimelowa kumewafurahisha watu wengi mno.