Inzi wa Kinyozi

Kamera ya dijitali ya Mulika ilikata roho wiki ileile ambayo mdogo wa mkewe alikuwa anaolewa. Mulika, ambaye mdomo wake haukuwahi kuharibika hata siku moja, alikuwa ameshawaahidi wakwe picha za kutundikwa ukutani. Mama mkwe alijibu kwamba ahadi za huyu bwana hazina upungufu, kilichokosekana ni kazi tu. Kufika harusini mikono mitupu kungempa mama yule maneno ya kusema maisha yake yote, na Mulika aliliogopa hilo kuliko jela.

Basi akapita dukani kwa Mama Vioo, aliyeuza kamera na kupiga picha za shughuli, kupoza macho tu. Kabatini mlikuwa na kamera mpya ya dijitali, nyeusi, inang'aa. Mwenye duka alikuwa akimlalamikia mteja kwamba vitu vya zamani vilidumu, vya siku hizi ni mapambo. Mulika akasimama. Mtu anayeililia zamani ni riziki ya wajanja.

Nyumbani, juu ya kabati, ilikuwepo kamera ya filamu ya marehemu baba yake, na hakujua hata kama bado inafanya kazi. Alichokuwa nacho ni picha ya kinyozi wa jirani, aliyoipiga kwa dijitali kabla haijafa. Akaichapisha mara mbili: kwanza studio, kwenye karatasi nzuri ya picha, kisha kwenye printa ya ofisini iliyoishiwa wino.

Kesho yake akaziweka zote mbili kwenye kaunta ya Mama Vioo, na kamera ya marehemu kando yake.

"Mimi siuzi, mama, nakuonyesha tu. Kinyozi mmoja, kiti kimoja. Hii nimepiga kwa dijitali, hii kwa filamu. Hebu tazama ngozi."

Moja ilikuwa imepauka kama kanga iliyochoka kufuliwa. Katika ya pili, kinyozi alionekana kama anataka kukuuliza unyolewe vipi. Mama Vioo akavaa miwani, akaziinua mojamoja, akakaa nazo muda mrefu kuliko Mulika alivyopenda.

"Filamu haidanganyi," Mulika akaongeza. "Inamtoa mtu kama alivyo."

Mama akashusha pumzi. Akasema kweli angeipenda hiyo ya filamu, ila biashara ni ngumu. Labda wabadilishane na ile ya kabatini. Mulika akajifanya ameumia, akamtaja marehemu, hata chozi likamlengalenga, kisha akakubali haraka. Mama akaitia kamera yake kwenye boksi na kumuuliza kama angependa kuikagua kwanza. Hapo ujanja ukamponza mwenyewe: akiikagua hii, mama naye ataikagua ile.

"Tunaaminiana, mama," akasema.

Alipofungua boksi nyumbani alikuta ganda tupu, lile ambalo wenye maduka huliweka kabatini kwa ajili ya wezi, na ndani yake kipande cha chuma cha kuongeza uzito. Hasira zilimpanda, tena zilimuuma zaidi kwa kuwa hakuwa na pa kuzipeleka. Angeanzaje kushtaki? Mkewe aliliangalia ganda, akamwangalia mume, akajifunga mtandio na kutoka kwenda kutafuta mpiga picha mwingine.

Siku ya harusi mpiga picha akafika: Mama Vioo, na kamera ya marehemu shingoni, imefutwa vumbi, ina filamu mpya. Mama mkwe alimpokea kwa vigelegele. Ukoo ulipojipanga, Mulika akajibanza mwisho kabisa wa mstari. Mama Vioo akamfuata kumrekebisha shati, akasema kwa sauti ya chini:

"Baba, yule kinyozi alikuwa na inzi kwenye kola. Umebadilisha kamera, na inzi hakusogeza hata mguu."

Akarudi nyuma, akalenga. Mulika alifungua mdomo ajibu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakikutoka kitu. Kamera ikalia.

Picha ile ipo sebuleni kwa mama mkwe, kubwa, ndani ya fremu. Bibi harusi ametoka vizuri mno. Pembeni amesimama mwanamume aliyeachama, na kila kunyanzi la aibu usoni mwake linahesabika. Wageni wakiuliza ni nani, mama mkwe huwajibu kwa maneno aliyofundishwa na mpiga picha:

"Ni mkwe wangu. Filamu, wanangu, haidanganyi."